Jicho Likimvimba Mwenye Kisukari, Angalia Pua Kwanza

Mtu mwenye sukari akiamka na jicho moja limevimba, njia anayopitishwa hapa Mombasa inajulikana. Huanzia nyumbani kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitambaa na dua. Kisha duka la dawa la mtaani: mafuta ya tetrasaiklini, vidonge vya kuua bakteria, na uvimbe ukiwa mkubwa, sindano ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ya kuushusha. Siku ya nne au ya tano ndipo anapovushwa feri au kupakiwa tuktuk kwenda kwa daktari wa macho. Kwa macho mengi mekundu, njia hii humpotezea mtu pesa tu. Kwa mwenye kuvu ndani ya tundu la jicho, siku hizo zinatosha kumpofusha, na ile sindano inampa adui nguvu.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni mukomaikosisi. Huletwa na jamii ya kuvu zinazoishi kwenye udongo, samadi na vyakula vinavyooza. Inayoongoza ni Rhizopus arrhizus, wa ukoo mmoja na ukungu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Mbegu zake huelea hewani. Anayefagia maembe yaliyooza sokoni Kongowea anazivuta, anayebomoa ukuta wenye unyevu Mji wa Kale anazivuta, na sisi wengine pia. Ugonjwa hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wala vyombo vyake. Mwenye kinga timamu huziua mbegu hizo kabla hazijaota.

Mambo hubadilika damu inapojaa sukari na asidi. Chembe nyeupe za damu hulegea, hazifiki kwa wakati na zikifika hazina makali. Halafu kuna suala la madini ya chuma. Katika damu ya kawaida chuma hushikwa na protini inayokisafirisha, na kuvu haikipati. Damu ikiwa na asidi, kama inavyokuwa kwenye ketoasidosisi, yaani kisukari kikali kinachojaza damu asidi ziitwazo ketoni, protini hiyo hukiachia, nayo kuvu hukila na kukua kwa kasi. Ndiyo maana hata dawa ya deferoksamini, inayotolewa kuondoa chuma kilichozidi mwilini, huongeza hatari: Rhizopus huitumia kujiletea chuma. Wengine walio hatarini ni wagonjwa wa saratani za damu, waliopandikizwa viungo, na waliotumia steroidi kwa muda mrefu au kwa dozi kubwa. India mwaka 2021, wakati wa wimbi la pili la korona, vitu viwili vilikutana kwa watu wengi mno kwa wakati mmoja, yaani kisukari na steroidi, na wagonjwa walioripotiwa walizidi 40,000 katika miezi michache. Pwani yetu ina kisukari kingi, na predinisoloni, nayo ni steroidi, hununuliwa kama peremende. Mazingira hayo tunayo.

Mbegu hutua puani, huota, kisha huingia kwenye vyumba vya hewa vilivyo ndani ya uso, yaani sainasi. Kati ya sainasi za katikati na tundu la jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, unene wake haufiki nusu milimita, na una vitobo vya kupitishia mishipa. Kuvu hupita hapo. Ikishaingia hupenda kuta za mishipa ya damu: hutoboa, damu huganda, na nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Mambo mawili hutokana na hilo, na makosa mengi ya matibabu hutokana na kusahau mojawapo. La kwanza: nyama iliyokufa haihisi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa na maumivu kidogo. La pili: dawa ya mshipani husafiri kwa damu, na mahali damu isipofika dawa haifiki.

Dalili za mwanzo, basi, si za jicho. Ni pua iliyoziba upande mmoja, maumivu ya shavu au ya meno ya juu, kamasi zenye damu au za rangi ya kahawia, na ganzi. Ganzi ya shavu ningependa kila nesi na kila muuza dawa aijue, maana kuipima hakuhitaji kifaa chochote. Mgonjwa afumbe macho, mguse kwa ncha ya pamba chini ya jicho upande mmoja, kisha upande wa pili, umwulize: "Mama, hapa na hapa, unahisi sawasawa?" Akisema upande uliovimba ni kama si wake, hiyo si chunusi ya kope wala mzio. Baada ya hapo hufuata kope kuvimba na kudondoka, kuona vitu viwiliviwili, jicho kushindwa kugeuka, jicho kutokeza nje, na uoni kupungua. Uoni unaweza kuzimika ghafla, kwa sababu mshipa mkuu wa damu wa retina umeziba, huku jicho lenyewe kwa nje likionekana jeupe na tulivu. Homa inaweza kuwepo au isiwepo.

Maambukizi ya bakteria ndani ya tundu la jicho hufanana na haya, na ndiyo yanayowapoteza watu. Tofauti iko hivi: bakteria huwapata zaidi watoto na vijana waliotoka kwenye mafua, jicho huwa jekundu, la moto, na linauma sana. Seftriaksoni ya mshipani huanza kuleta nafuu ndani ya saa 24 hadi 48. Mtu mzima mwenye sukari ambaye hajapata nafuu baada ya muda huo asiongezewe antibayotiki ya tatu. Aangaliwe pua. Tena kwa maoni yetu asingoje hata hizo saa 48. Mwenye sukari aangaliwe pua siku ileile anayofika.

Kuangalia pua si kuchungulia kwa tochi peke yake, ingawa tochi ndiyo mwanzo. Mfungue mgonjwa kinywa, mwangaza uelekee juu, utazame kaakaa lote hadi nyuma. Meno ya bandia yatolewe kwanza, maana doa jeusi hujificha chini yake. Kisha daktari wa masikio, pua na koo aingize endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye taa wa kutazamia ndani. Watu wengi hungoja kuona weusi. Weusi ni nyama iliyokwisha kufa, na huja baadaye. Kaakaa na pua bila weusi havimwondolei mgonjwa shaka. Mwanzoni utando wa pua huwa umepauka, umekauka, na ukiguswa hautoi damu wala mgonjwa hashtuki. Mahali pa kutazama hasa ni kile kinyama cha katikati kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Hapo ndipo kipande kinapokatwa kwa ajili ya vipimo.

Kipande kigawanywe mara mbili papo hapo. Nusu moja iende kwenye formalini ya asilimia 10 kwa ajili ya patholojia. Nusu ya pili iwekwe kwenye maji safi ya chumvi na ipelekwe maabara mara moja, bila kuwekwa kwenye friji. Kosa la kukiweka kipande chote kwenye formalini hutokea mara kwa mara, na likishatokea hakuna kitakachoota. Kosa lingine hufanyika maabara: mtaalamu anakisaga kipande kama anavyosaga vingine. Nyuzi za kuvu hii hazina kuta za kuzigawa ndani, ukizisaga zinapasuka zote na kufa, kwa hiyo kipande kikatwekatwe vidogovidogo. Andika kwenye fomu kwamba unashuku kuvu ya jamii ya Mucorales, yaani hizi za mukomaikosisi, ili wasikisage. Sehemu ndogo ikitiwa potasiamu haidroksaidi na kuwekwa chini ya hadubini, jibu la awali hupatikana siku hiyohiyo: nyuzi pana zenye mikroni 6 hadi 25, zimekunjamana kama utepe, na matawi yake hutoka karibu kwa pembe mraba. Nyuzi nyembamba zenye vikuta, zinazogawanyika kwa pembe ya digrii 45 hivi, huelekeza kwenye kuvu nyingine, Aspergillus, na dawa hubadilika. Kuvu isipoota maabara usifute ugonjwa, maana mara nyingi haioti hata pale hadubini ilipoionyesha. Vipimo vya damu vya galaktomanani na beta-glukani navyo havioni Mucorales.

Skani ya CT huonyesha sainasi zilizojaa na mifupa iliyoliwa, lakini mifupa huliwa kwa kuchelewa. MRI yenye dawa ya kung'arisha huonyesha vizuri zaidi nyama isiyopata damu, ncha ya nyuma ya tundu la jicho, na mishipa iendayo kwenye ubongo. Zikipatikana zote mbili ni vyema. Zisipopatikana, matibabu yasingoje picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa wagonjwa wa saratani za damu uliona kuwa waliocheleweshewa dawa ya kuvu ya amfoterisini siku 6 au zaidi tangu ugonjwa ujitokeze walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wale walioianza mapema.

Matibabu yana miguu mitatu na yote huanza siku moja: kurekebisha sukari na asidi, kuanza dawa ya kuvu, na kukata nyama iliyokufa.

Sukari kwanza, kwa sababu hapa hospitali yoyote yenye dripu na insulini inaweza kuanza bila kungoja mtaalamu. Pima sukari, ketoni na potasiamu. Anayetumia vidonge vya kisukari vya dapaglifolozini au empaglifolozini anaweza kuwa na asidi hatari huku sukari yake haijapanda sana, kwa hiyo ketoni zipimwe hata mita ikisoma namba ya kuridhisha. Maji ya chumvi huanza kwa kasi, mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo katika saa ya kwanza kwa mwenye moyo na figo nzima, kisha insulini ya mshipani uniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Potasiamu ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, irudishwe kwanza ndipo insulini ianze. Steroidi zisimamishwe, au zipunguzwe taratibu kama mgonjwa amezitumia kwa muda mrefu.

Dawa ya kuvu ni amfoterisini B. Kuna aina mbili, na kuzichanganya kunaua. Ya liposomu, yaani iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, na hufika 10 ubongo ukiwa umeguswa. Ya kawaida, yaani ya deoksikolati, hutolewa miligramu 1 kwa kilo na isizidi 1.5 kwa siku kwa hali yoyote. Atakayempa mgonjwa miligramu 5 kwa kilo za dawa ya kawaida anaweza kuusimamisha moyo wake. Jina kwenye karatasi ya dawa liandikwe lote, na manesi wawili wasome kichupa kabla hakijafunguliwa. Ya liposomu haiumizi figo sana, na ndiyo ya kuanza nayo ikiwepo. Nchini Kenya inafahamika kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi na kwa kala-azar, kwa hiyo famasia wa hospitali ya rufaa atajua pa kuiulizia. Isipokuwepo, anza na ya kawaida leo, utabadilisha kesho. Dozi ianze kamili. Ule mtindo wa kupanda polepole siku hadi siku unampa adui muda.

Kuichanganya kuna kanuni moja isiyovunjwa: amfoterisini haikutani na maji ya chumvi. Zikikutana hujigandisha na kuziba mrija. Mgonjwa wa kilo 60 anayepewa ya liposomu anahitaji miligramu 300 kwa siku, yaani vichupa 6 vya miligramu 50. Kila kichupa hutiwa mililita 12 za maji safi ya sindano, hutikiswa kwa nguvu sekunde 30, huvutwa kupitia kichujio kinachokuja nacho, kisha huongezwa kwenye glukosi ya asilimia 5 hadi ifikie miligramu 1 au 2 kwa mililita, na kupitishwa kwa saa 2. Ya kawaida huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano kwa kila kichupa cha 50, kisha huzimuliwa kwa glukosi ya asilimia 5 hadi miligramu 0.1 kwa mililita, na kupitishwa kwa saa 4 hadi 6. Hesabu hiyo ina jambo ambalo wodi nyingi hulisahau: miligramu 60 za dawa ya kawaida huhitaji mililita 600 za glukosi, nazo ni gramu 30 za sukari zinazoingia moja kwa moja kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari. Insulini iongezwe kwa saa hizo. Ukiona sukari inapanda kila alasiri bila sababu, tazama ni saa ngapi dripu inafungwa.

Kabla ya dozi, figo hulindwa kwa kumpa mgonjwa nusu lita hadi lita moja ya maji ya chumvi, halafu mrija unasafishwa kwa glukosi ndipo dawa ifungwe. Kutetemeka na homa wakati wa dripu ni kawaida kwa ile ya deoksikolati. Parasetamoli na klofeniramini nusu saa kabla husaidia, na petidini kidogo huzima mtetemo mkali. Haidrokotisoni ya kila siku kwa ajili ya mtetemo tunaikataa hapa, kwani ni steroidi ileile tunayoikimbia. Kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, potasiamu na magnesiamu zipimwe kila siku mwanzoni. Insulini hushusha potasiamu, na amfoterisini huishusha pia kwa kuimwaga kwenye mkojo, kwa hiyo wagonjwa hawa hupoteza potasiamu kwa njia mbili. Isipopanda licha ya kupewa, magnesiamu ndiyo imepungua. Na tafadhali, flukonazoli haiui kuvu hii, wala vorikonazoli. Familia inayokusanya vidonge vya flukonazoli kutoka maduka matatu inatumia pesa na muda ambao haina.

Upasuaji hufanywa haraka iwezekanavyo, na mara nyingi hurudiwa baada ya siku moja hadi tatu. Daktari wa pua huingia kwa endoskopi, husafisha sainasi, na hukata hadi nyama itoe damu nyekundu, kwa maana damu ndiyo alama kwamba hapo dawa itafika. Swali linalowaumiza wote ni jicho. Si kila jicho lililovimba huondolewa. Likiwa bado linaona, na MRI inaonyesha nyama ya tundu bado inapata damu, yapo matumaini ya kuliokoa kwa sindano ya amfoterisini nyuma ya jicho: mililita 1 yenye miligramu 3.5, baada ya ganzi, kila siku kwa siku tatu hivi. Madaktari wa India waliitumia sana mwaka 2021. Huweza kuongeza uvimbe kwa siku chache, kwa hiyo uoni na shinikizo la jicho hupimwa baada ya kila sindano, na daktari awe tayari kukata kona ya nje ya kope kulipunguzia tundu mbano.

Jicho likiwa limekufa uoni, haligeuki, na tundu limejaa nyama isiyopata damu, kuondoa vyote vilivyomo tunduni kunaweza kuzuia kuvu isifike kwenye ubongo. Kutoa jicho lenyewe peke yake hakusaidii, kwani kuvu iko kwenye mafuta na misuli inayolizunguka. Familia iambiwe mapema, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mgonjwa mwenyewe awepo. Tumeona mazungumzo haya yakiachwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji, ambapo mzee anatakiwa kutia sahihi karatasi asiyoielewa, naye anakataa. Haki yake kukataa. Lakini awe amekataa akijua.

Kuna kuvu nyingine ya tundu la jicho isiyo na haraka hivi, nayo hupotosha kwa upole wake. Aspergillus flavus, ileile inayotia sumukuvu kwenye mahindi, inaweza kukaa kwenye sainasi za mtu asiye na kisukari wala ugonjwa wa kinga. Kula mahindi mabovu hakuleti ugonjwa huu wa jicho; mbegu huvutwa na vumbi. Sudan ndiko ulikoelezwa sana tangu miaka ya 1960. Jicho hutokeza polepole kwa miezi, bila homa na bila maumivu makali, na hudhaniwa kuwa uvimbe wa saratani au tezi. Wengine hupewa steroidi, wakapata nafuu wiki mbili, kisha mambo yakaharibika. Kinyama kikatwe kabla ya steroidi yoyote. Hapa vorikonazoli ndiyo dawa ya kwanza, miligramu 6 kwa kilo mara mbili siku ya kwanza, kisha 4 kwa kilo kila saa 12, pamoja na kusafisha sainasi.

Tukirudi kwa mukomaikosisi, amfoterisini kwa kawaida huendelea wiki 4 hadi 6, ndipo mgonjwa ahamie kwenye vidonge: posakonazoli miligramu 300 mara mbili siku ya kwanza, kisha 300 mara moja kwa siku, pamoja na chakula, au isavukonazoli 200 kila saa 8 kwa siku mbili, kisha 200 kwa siku. Vidonge humezwa miezi kadhaa, mpaka picha zitulie na sukari ishikike. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa hushusha posakonazoli hadi isifanye kazi, na simvastatini haichanganywi nayo kabisa. Kwa sababu vichupa ni vingi na ni ghali, familia imwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali na ifuatilie SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, siku ya kulazwa, isingoje bili.

Tundu lililoondolewa jicho huoshwa kwa maji ya chumvi na kufungwa shashi mbichi kila siku, na hufunikwa na ngozi mpya kwa wiki kadhaa, hata miezi miwili au mitatu likiachwa lipone lenyewe. Harufu mbaya mpya, ukoko mweusi au damu ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Jicho la bandia la silikoni, la kubandika au la kushikizwa kwenye fremu ya miwani, hutengenezwa jeraha likishatulia na picha zikiwa safi. Jicho lililobaki linahitaji miwani ya plastiki ngumu isiyopasuka, hata kama halina upungufu wowote, na retina yake ipigwe picha walau kila mwaka, kwa sababu kisukari kilichofungua njia upande mmoja bado kipo upande wa pili.